Zawadi Inayotangulia Kikao

  

Tangu mtaa wetu ulipoandamana kupinga upanuzi wa machimbo ya kokoto, nimekuwa nikiulizwa swali moja na watu wa aina mbili. Wazazi huniuliza kwa wasiwasi na vijana huniuliza kwa hamaki: je, yafaa Muislamu kubeba bango na kusimama barabarani kuipinga kampuni yenye mali, ambayo viongozi wetu wenyewe wameikumbatia? Wazazi wanaogopa fitina. Vijana wanaona kwamba msikiti huzungumza mengi juu ya udhu na machache juu ya dhulma. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na barua zote za jambo hili zimepita mkononi mwangu. Nimeona ni haki ya waumini nijibu kwa kalamu badala ya kumjibu kila mmoja mlangoni. Nitaanza Makka kabla ya utume, kisha nipite Lamu, halafu nieleze yaliyotufika hapa petu.

Wanazuoni wa sira wanasimulia kwamba mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, katika nchi ya Yemen, aliingia Makka na bidhaa zake. Bidhaa zile zilinunuliwa na Al-As bin Wail wa ukoo wa Banu Sahm, mtu mwenye mali na jina kubwa katika Makureshi. Aliichukua mali, akakataa kulipa. Mgeni yule alizunguka kwa wakubwa wa koo akiomba msaada, nao wakamrudisha kwa maneno makali, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumuudhi tajiri kwa ajili ya mtu asiye na ukoo mjini. Hapo akapanda juu ya jabali la Abu Qubays wakati Makureshi wamekaa kando ya Al-Kaaba, akanadi dhulma aliyofanyiwa kwa sauti ya kusikika na wote.

Tazama alivyofanya mtu yule. Hakuvunja duka la mtu, wala hakuvizia njiani. Alichagua mahali ambapo wenye mamlaka wasingeweza kujifanya hawakumsikia. Ukoo wa Banu Hashim na koo nyingine chache zikakusanyika katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, zikaapizana kwamba hatadhulumiwa mtu ndani ya Makka, awe mwenyeji au mgeni, ila watakuwa upande wake mpaka haki yake irudi. Wakaenda kwa Al-As na haki ya yule Myemeni ikatolewa. Mapatano hayo ndiyo yanayojulikana kwa jina la Hilful Fudhul. Mtume wetu (S.A.W.) aliyahudhuria akiwa kijana wa umri wa miaka 20 hivi, na baada ya utume alisema kwamba hangekubali kuyabadilisha kwa ngamia wekundu, na kwamba lau angeitwa kwa mapatano ya namna ile katika Uislamu, angeitikia.

Wengine husema kwamba hayo yalikuwa ya zama za ujahilia, na kwamba Uislamu ulipokuja kazi ya raia ilibaki kutii tu. Ibn Hisham amepokea kwamba Husein bin Ali (R.A.) alipozozana juu ya mali na gavana wa Madina, Al-Walid bin Utba, naye gavana akawa anautegemea ukubwa wa cheo chake, Husein alimwambia atasimama katika Msikiti wa Mtume na kuita kwa Hilful Fudhul. Abdullah bin Zubeir na wengine waliposikia wakasema wataitikia. Gavana akatoa haki. Basi jambo hili halikufa pamoja na ujahilia. Lilibaki likijulikana, na waliolishika ni watu ambao hakuna awezaye kuwaita wachochezi.

Sasa nije Lamu, ambako nilisoma chuo na ambako fikra zangu juu ya jambo hili zilianza kupevuka.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Baadaye pakatangazwa mpango wa kujenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe huko Kwasasi, ng'ambo ya bara, kwa gharama ya dola bilioni 2 za Marekani. Mtambo wenyewe ulikusudiwa kutoa megawati zipatazo 1,050, zaidi ya nusu ya umeme uliokuwa ukihitajika nchini Kenya kwa saa ya matumizi makubwa kabisa. Serikali kuu iliutaka, na makampuni yalikuwa na fedha, wanasheria na wataalamu. Mwezi Septemba 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa leseni.

Upande wa pili palikuwa na nani? Walikuwako wavuvi wa mashua ndogo, wakata mikoko, akina mama wanaouza samaki, walimu wa madrasa, na vijana waliojifunza kusoma ripoti nene zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu na kuwafasiria wazee wao kwa Kiamu. Jumuiya ndogo ndogo ziliungana chini ya jina la Save Lamu. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa nikiwaona wakipita na fulana zao na mabango yao katika vichochoro ambavyo hata punda wawili hawapishani kwa raha. Baadhi yetu wanafunzi tulikuwa tukisema: hawa watashinda vipi? Mwenye kuwapinga anazungumza na mawaziri, na wao wanazungumza barazani.

Lakini hawakuishia barazani. Walikwenda katika mahakama maalumu ya masuala ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama ile ikaifuta leseni. Wengi wanadhani leseni ilifutwa kwa sababu ya moshi peke yake. Jambo kubwa katika hukumu lilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakikana. Mikutano iliyohesabiwa kuwa ya kukusanya maoni ilifanywa kabla ripoti ya athari za mazingira haijakamilika. Kwa maneno mengine, watu waliulizwa, "Mnakubali?" kabla ya kuonyeshwa wanachokikubali. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2016 nayo ilionekana haikuzingatiwa. Mwaka huohuo wa 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitaufadhili mtambo ule. Rufaa ya kampuni ilichukua miaka, na mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi ikaiacha hukumu ya kwanza isimame.

Mafunzo ya Lamu ni mengi, nami nachukua moja tu. Nguvu ya mali katika siasa haiji siku zote kwa mkoba wa noti unaopitishwa usiku. Mara nyingi huja kwa utaratibu unaoonekana halali: mkutano ulioitishwa mapema mno, ripoti iliyoletwa kwa kuchelewa, na orodha ya mahudhurio yenye saini za watu waliokuja kunywa chai, ambayo baadaye huitwa ushahidi wa ridhaa. Aliyetia saini kwa ajili ya soda na nauli hakujua kwamba amehesabiwa kuwa amekubali.

Na wanasiasa je? Wao huingia katika mkono wa mwenye mali kabla hata hawajaapishwa. Uchaguzi una gharama: magari, vipaza sauti, fulana, mawakala, na bahasha za hapa na pale. Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kudhibiti fedha za kampeni mwaka 2013, lakini uchaguzi mkuu wa 2017 ukapita bila ya vikomo vyake kutumika, na ule wa 2022 vivyo hivyo. Basi mgombea asiye na mali hutafuta mwenye mali, na mwenye mali hatoi sadaka, bali huwekeza. Siku ya kudai faida yake ikifika, sisi tuliopiga kura tunashangaa kwa nini mheshimiwa hapokei simu zetu.

Allah (S.W.) katika Suratul Baqara, aya ya 188, ametukataza kuliana mali zetu kwa batili, na akakataza mali isipelekwe kwa mahakimu ili itumike kula haki za watu kwa dhambi huku tukijua. Mtume (S.A.W.) naye amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake. Haya tunayahifadhi tangu madrasa. Ugumu uko katika kulijua jambo pale linapokuja limevaa kanzu nyeupe na kuitwa hadia.

Hapo ndipo linapotufaa tukio la Ibn al-Lutbiyya, lililopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humeid As-Saidi (R.A.). Mtu huyu alitumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka. Aliporudi akagawa alichokuja nacho mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume (S.A.W.) akasimama juu ya mimbari na kuuliza, kwa maana, kwa nini mtu huyu hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, tukaona kama zawadi zingemfuata au la.

Mizani yote imo katika swali lile. Wala katiba yetu haiko mbali nalo. Kifungu cha 76 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba zawadi anayopewa afisa wa serikali katika hafla ya umma au ya kiofisi ni zawadi ya Jamhuri na ikabidhiwe kwa dola. Kilichosemwa juu ya mimbari ya Madina kimekuja kuandikwa Nairobi baada ya karne kumi na nne, nasi bado tunaona ajabu kiongozi akiulizwa gari jipya limetoka wapi.

Sasa nije kwetu. Sitaitaja kampuni wala mtaa, kwa sababu shauri lingali mezani mwa wakubwa, na kusudi langu si kumchafua mtu.

Machimbo ya kokoto yako juu ya mtaa wetu kwa zaidi ya miaka kumi. Baruti zikilipuliwa, vikombe hutikisika kabatini, na nyumba za udongo zilizo karibu zimepasuka kuta. Wakati wa kaskazi vumbi hushuka hadi kwenye masinia ya wali. Akina mama huanua nguo kamba nzima na kuzifua upya. Mwalimu wa madrasa ya asubuhi ana daftari la mahudhurio, na mkiwa naye mtaona jinsi alama za "mgonjwa" zinavyojaa miezi hiyo. Mwaka jana kampuni ikaomba ruhusa ya kuyapanua machimbo hayo hadi karibu na kisima chetu cha zamani, na ikatangazwa tarehe ya kikao cha kukusanya maoni ya wananchi.

Siku tisa kabla ya kikao hicho, ujumbe ulifika msikitini baada ya sala ya Alasiri. Alikuwamo afisa wa kampuni, kijana muungwana mwenye maneno mazuri, na alikuwamo mwakilishi wadi wetu. Walikuja na ahadi tatu: mazulia mapya ya msikiti mzima, tangi la maji la lita 10,000, na vyakula vya futari kwa nyumba 200, kwani Ramadhani ilikuwa imekaribia. Hawakuomba chochote. Mwakilishi wadi alisema tu kwamba kampuni hii ni rafiki wa Waislamu, na kwamba ni vyema katika kikao tukumbuke wanaotukumbuka.

Kamati ina watu saba, na usiku ule tulikaa hadi saa tano. Ndugu wasomaji, msidhani ilikuwa kazi nyepesi. Mazulia yetu yamechakaa kiasi kwamba wazee huja na miswala yao wenyewe. Mweka hazina wetu, mtu mcha Mungu kabisa, alisema kwamba mali yote ni ya Allah, na nyumba ya Allah haina haja ya kuuliza mkono uliotoa. Mzee mwingine akakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alipokea zawadi kutoka kwa Muqawqis, mtawala wa Misri, ambaye hata hakuwa Muislamu. Hoja hiyo ni sahihi, nami nilisema hivyo. Dini ya mtoaji haikuwa tatizo letu, wala utajiri wake. Tatizo lilikuwa wakati. Kwa miaka zaidi ya kumi kampuni ilituona tukisalia mazulia yaleyale, na haikutukumbuka hata mara moja mpaka siku tisa kabla ya kikao.

Nikapendekeza tuipime zawadi kwa mizani ya Ibn al-Lutbiyya. Tuliandika barua, kwa adabu zote, tukaishukuru kampuni kwa nia yake na kusema kwamba tutaipokea hadia hiyo kwa mikono miwili baada ya kikao kupita na uamuzi kutolewa, uwe wa kukubali au wa kukataa. Kama wanatoa kwa ajili ya Allah, au hata kwa ujirani mwema tu, kungojea hakutapunguza kitu. Wanne waliafiki, wawili walipinga, mmoja alinyamaza. Barua ilipelekwa kwa mkono na nakala ikatiwa muhuri wa kupokelewa. Hadi leo hatujapata jibu, na mazulia tunayoyasujudia ni yaleyale.

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa familia, sitaficha yaliyotokea majumbani. Shemeji yangu ni dereva wa lori katika machimbo yale. Mshahara wake ndio unaosomesha watoto watatu, mmoja wao mpwa wangu anayelala kwetu siku za shule. Habari za barua zilipoenea, msimamizi wake alimuuliza mbele ya wenzake kama jamaa zake wanataka ale nini. Mwezi mzima hakukanyaga nyumbani kwangu. Dada yangu alikuwa akija peke yake, anakaa ukumbini na kuzungumza habari za bei ya unga. Siku moja ndipo aliposema: "Kaka, wewe una hoja na mimi nina karo. Nielekeze cha kumwambia mume wangu." Sikuwa na neno la kuipunguza haki yake. Nilimwambia hatukuomba machimbo yafungwe. Tumeomba yasisogee kisimani, baruti zipigwe kwa saa zinazojulikana, na vumbi limwagiwe maji kama masharti ya leseni yanavyotaka. Alikwenda na maneno hayo. Shemeji alirudi kuja kwetu siku ya Idi, na tulikula pamoja bila ya kulitaja jambo lile. Na yeyote anayeandika kwamba kupinga nguvu za makampuni ni jambo la raha, huyo hana ndugu anayelipwa nayo.

Kikao kilifanyika. Ripoti ya athari za mazingira ilikuwa mezani, nakala moja kwa watu zaidi ya mia. Alisimama bibi mmoja, mjane, mwenye nyumba ya kwanza kutoka machimboni. Hakujua kusoma Kizungu, lakini aliuliza kitu kimoja: katika kitabu hicho, kisima chetu kimetajwa ukurasa wa ngapi? Maafisa walifunua huku na huku. Kisima hakikutajwa. Nilikiandika kikao kizima neno kwa neno, na swali lile limo katika maoni tuliyoyawasilisha kwa maandishi, pamoja na saini na alama za vidole gumba.

Baada ya hapo ndipo maandamano yalipokuja, nayo hayakuwa ya hasira ya ghafla. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila ya silaha. Sheria ya usalama wa umma inataka polisi wapewe taarifa si chini ya siku tatu wala si zaidi ya siku kumi na nne kabla. Tulitoa siku tano. Tulikubaliana masharti yetu wenyewe: hakuna kutukana, hakuna jiwe, hakuna kufunga njia ya magari ya wagonjwa, wala hakuna bango lenye jina la mtu. Mwanasiasa yeyote atakayetaka kutembea mbele aambiwe atembee katikati. Baada ya sala ya Ijumaa tulitoka, wanaume na wanawake, na majirani zetu Wakristo wakatungoja penye njia panda, kwa kuwa vumbi haliulizi mtu anasali siku gani. Tulifika ofisi ya wadi, tukakabidhi barua, tukasomewa dua, tukatawanyika. Saa ya Alasiri kila mtu alikuwa kwake.

Maombi ya kampuni hayajakubaliwa wala kukataliwa hadi ninapoandika haya. Yamerudishwa ili ripoti ijazwe pengo la kisima. Sitayaita ushindi.

Kuna hoja mbili ambazo nimezisikia mara nyingi, na inapasa zijibiwe kwa insafu. Ya kwanza husema kwamba tunawafukuza wawekezaji, na vijana watabaki maskani wakitafuna miraa. Ajira ni neema, na ukosefu wa kazi ni mtihani mkubwa wa Pwani yetu. Lakini anayekuja kwa haki haogopi kuulizwa kabla ya kuanza. Lamu haikuikataa kazi. Wavuvi wa kule ndio walioshuhudia bandari kubwa ikijengwa katika maji waliyokuwa wakivua, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu ile ilithibitisha kwamba riziki ya mvuvi nayo ni ajira, ingawa haimo katika hesabu za mwekezaji.

Hoja ya pili ni ya utiifu: kwamba kiongozi akishaamua, Muislamu anyamaze. Utiifu katika mema ni sehemu ya dini yetu. Lakini katika nchi hii sheria yenyewe imemwambia raia aseme, na imemwambia kiongozi asikilize kabla ya kuamua. Anayesema katika kikao cha maoni hajaasi. Aliyeasi ni yule aliyeyachukua maoni kabla ya kikao kwa kutanguliza futari.

Tusijione peke yetu katika mtihani huu. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Wakatoliki jijini Nairobi alirudisha mamilioni ya shilingi yaliyotolewa kanisani na Rais wa nchi, akisema kanisa lisitumiwe kwa malengo ya siasa. Tunaweza kutofautiana na wenzetu katika itikadi, lakini katika hili walituonyesha kwamba nyumba ya ibada inaweza kurudisha fedha na kesho yake ikafunguliwa kama kawaida.

Nimalizie na yaliyo katika uwezo wa kila nyumba na kila kamati. Kamati zetu ziwe na daftari la hadia lililo wazi ubaoni, lenye jina la mtoaji, tarehe, na safu moja ya ziada: je, mtoaji ana shauri lolote mbele ya serikali au anagombea cheo? Msitie saini orodha yoyote ambayo haikuandikwa juu yake ni ya nini. Ripoti ya mradi ikitangazwa, kijana anayesoma chuo aisome na kuwafasiria wazee, kama walivyofanya vijana wa Lamu. Sadaka hiyo ya elimu haihitaji fedha. Na nyumbani, mtoto anapoona mfuko wa unga wenye picha ya mheshimiwa, aambiwe ukweli, kwamba unga ule umetokana na kodi yake au na deni atakalolilipa.

Kuhusu mazulia, kamati imeanzisha mchango wa shilingi hamsini kwa kila nyumba kwa mwezi. Mchango unakwenda polepole. Mweka hazina, yuleyule aliyepinga barua, ndiye anayekusanya, na risiti zake ni safi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka, na awahifadhi ndugu zetu wanaokula kwa jasho la machimbo yale pamoja na wanaoishi chini ya vumbi lake. Wabillahi tawfiq.